Kati ya Saa Sita na Saa Tisa Usiku: Tarehe Zinavyopotea Kwenye Tovuti

Mteja wa Dar es Salaam analipa bili kwa simu saa saba kasorobo usiku, Julai 1. Ujumbe wa kampuni ya simu unasema Julai 1. Risiti ya tovuti inasema Juni 30. Asubuhi mhasibu anafungua ripoti ya Julai na muamala haumo. Umeketi kwenye mwezi ambao hesabu zake zimeshafungwa. Kama aliyelipa ni ofisi ya serikali, muamala umeangukia mwaka mwingine kabisa wa fedha, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza Julai 1.

Hili ndilo kosa la tarehe linalozisumbua zaidi tovuti za kwetu, na ndilo linalochelewa zaidi kugunduliwa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa UTC, saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko saa 3 mbele ya UTC, kwa hiyo siku ya seva haigeuki saa sita usiku. Inageuka saa tisa. Kila usiku, kwa muda wa saa tatu nzima, seva inaamini bado ni jana. Kigali, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi ziko saa 2 mbele, kwa hiyo huko pengo linazibika saa nane. Muscat na Dubai ziko saa 4 mbele, na pengo linafika saa kumi alfajiri.

Linachelewa kugunduliwa kwa sababu mafundi hupima kazi zao mchana, na mchana tarehe ya UTC na tarehe ya Nairobi ni moja. Aidha, miamala ya usiku wa manane ni michache. Tofauti kwenye ripoti inakuwa ndogo, na mhasibu anaitafuta kwenye fedha: malipo yaliyorudiwa, makato, risiti iliyopotea. Hakuna anayewazia kalenda.

Mstari unaoleta balaa hili kwenye JavaScript ni mfupi na unaonekana msafi:

`new Date().toISOString().slice(0, 10)`

`toISOString()` hutoa wakati wa UTC siku zote, hata kama kompyuta imewekwa saa za Nairobi. Ukikata herufi 10 za mwanzo, umechukua tarehe ya UTC. Dawa ni kuutaja ukanda wa saa waziwazi: tumia `Intl.DateTimeFormat` yenye `timeZone: 'Africa/Dar_es_Salaam'`, kisha uchukue mwaka, mwezi na siku kwa `formatToParts` na kuviunganisha mwenyewe. Wapo wanaoazima mpangilio wa tarehe wa Kanada au Uswidi ili wapate mwaka-mwezi-siku moja kwa moja. Ujanja huo hutegemea data ya lugha iliyomo ndani ya kivinjari, na data hiyo hubadilika toleo hadi toleo. Kwenye ripoti ya fedha si jambo la kulitegemea.

Ndugu za mstari huo wako kila mahali: `date('Y-m-d')` ya PHP pale ambapo `date.timezone` haijawekwa, `date.today()` ya Python ndani ya seva ya UTC, `DATE(created_at)` na `CURRENT_DATE` kwenye SQL. Zote zinajibu swali la "leo ni tarehe ngapi" bila kuuliza "leo ya wapi". Anayekagua msimbo wa zamani aanze kwa kutafuta hizo nne. Kazi kubwa itakuwa imekwisha.

Vitu vitatu vinavyoitwa tarehe

Mzizi wa matatizo mengi ni kuweka vitu vitatu tofauti kwenye chombo kimoja.

Cha kwanza ni nukta ya wakati: tukio limetokea, na limetokea mara moja kwa dunia nzima. Malipo yamepokelewa, mtu ameingia kwenye akaunti, ujumbe umetumwa. Hapa ndipo penye kazi ya muhuri wa wakati, unaohesabiwa tangu Januari 1, 1970, saa 00:00:00 UTC. Hifadhi kwa UTC, onyesha kwa saa za msomaji.

Cha pili ni tarehe ya kalenda isiyo na saa wala ukanda: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kumalizika kwa leseni, sikukuu. Mtu aliyezaliwa Machi 5 amezaliwa Machi 5 awe Mombasa au Toronto. Hifadhi kwenye safu ya aina ya `DATE`, na isafiri kati ya seva na kivinjari kama maandishi ya kawaida, `1987-03-05`, bila kupitishwa kwenye `Date` ya JavaScript hata mara moja.

Ukiipitisha, haya ndiyo yanayotokea. `new Date('1987-03-05')` husomwa kama usiku wa manane wa UTC, lakini `new Date('1987-03-05T00:00:00')` husomwa kama usiku wa manane wa pale kompyuta ilipo. Herufi chache tu zimeongezwa na maana imebadilika. Kwa mtu wa Nairobi, ile ya pili ikigeuzwa na `toISOString()` inakuwa Machi 4, saa 21:00 UTC. Fomu ikihifadhi tarehe hiyo, ikaisoma tena na kuihifadhi tena, tarehe ya kuzaliwa inarudi nyuma siku moja kila mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ukiona kwenye hifadhidata mtu ambaye kila alipobadilisha namba ya simu alizidi kuzeeka siku moja, ndicho chanzo.

Ile ya kwanza nayo ina mtego wake, ila haumnasi aliye Afrika Mashariki. Usiku wa manane wa UTC kwetu ni saa tisa usiku wa tarehe ileile, kwa hiyo tarehe inaonekana sawa. Anayenaswa ni ndugu yetu aliye Minneapolis au Toronto: kwake ni jioni ya siku iliyotangulia, na kivinjari kinamwonyesha Machi 4. Fundi wa Nairobi anajibu kwamba kwake kila kitu kiko sawa, na anasema kweli.

Kuna sura nyingine ya kosa hili inayowaathiri wazee peke yao. Hifadhidata ya IANA, ambayo karibu mifumo yote huitegemea kujua saa za miji, inakumbuka pia saa za zamani. Nairobi haikuwa saa 3 mbele ya UTC siku zote. Ilipata kuwa saa 2 na dakika 30, na saa 2 na dakika 45. Sasa tuseme sehemu moja ya mfumo imeandikwa `+03:00` kwa mkono na nyingine inatumia `Africa/Nairobi`. Tarehe ya mzee aliyezaliwa 1938 ikihifadhiwa kama usiku wa manane wa `+03:00`, ikisomwa kwa `Africa/Nairobi` inatoka robo saa kabla ya usiku wa manane, yaani siku ya jana yake. Vijana wako sawa, wazee wamepungukiwa siku moja, na taarifa za bima au pensheni zinakataa kulingana na kitambulisho. Ukitumia `DATE`, tatizo hili halizaliwi.

Cha tatu ni miadi ya baadaye, nacho ndicho kinachosahauliwa. Mkutano wa Aprili 12, 2027, saa 10:00 saa za London, usiuhifadhi kwa UTC peke yake. Hifadhi saa ya pale mkutano ulipo pamoja na jina la ukanda, `2027-04-12 10:00` na `Europe/London`, kisha ukokotoe UTC muda unapokaribia. Saa za nchi hubadilishwa na serikali, wakati mwingine kwa taarifa fupi. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kutoka +3 hadi +2 mnamo Februari 1, 2021. Sudan ilikuwa imefanya hivyo Novemba 1, 2017. Misri ilirejesha saa za majira ya joto Aprili 2023. Aliyekuwa amehifadhi miadi ya Juba kwa UTC kabla ya mabadiliko aliamka na kalenda iliyopotoka kwa saa nzima, bila njia ya kujua nia ya mwenye miadi ilikuwa ipi.

Sisi wa Nairobi na Dar hatubadilishi saa kwa majira, na hilo linatulemaza kidogo. Uingereza na Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 01:00 UTC. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kati ya Nairobi na London kuna saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto. Kuongeza saa 24 si sawa na kuongeza siku moja kwa mtumiaji aliye huko. Mara mbili kwa mwaka siku yake ina saa 23 au 25.

Tarakimu 10, tarakimu 13

PHP, Python na SQL kwa kawaida huhesabu muhuri kwa sekunde. JavaScript huhesabu kwa milisekunde. 1700000000 kwa sekunde ni Novemba 14, 2023, saa 22:13:20 UTC. Namba hiyohiyo ukiipa `new Date()` bila kuzidisha kwa 1000, unapata Januari 20, 1970. Kila unapoona Januari 1970 kwenye ukurasa, usipoteze muda kwingine: ama namba ni sekunde zilizosomwa kama milisekunde, ama thamani ni sifuri au tupu. Ukiona mwaka wa elfu hamsini na kitu, kosa limekwenda upande wa pili. Kwa miaka hii tunayoishi, tarakimu 10 ni sekunde na 13 ni milisekunde. Kwenye API (njia ya mifumo kupeana data), andika kipimo ndani ya jina lenyewe, mfano `expires_at_ms`, au tuma maandishi kamili `2024-06-01T00:30:00+03:00` ambayo hayabishaniwi.

Kuna tofauti nyingine ndogo zaidi inayouma. PostgreSQL hutunza hadi mikrosekunde. `Date` ya JavaScript huishia milisekunde. Ukigawa orodha kwa kurasa na kutumia `created_at` ya rekodi ya mwisho kama alama ya "endelea kutoka hapa", tarakimu tatu za mwisho zinapotea njiani. Ukurasa unaofuata utarudia rekodi moja au utaruka nyingine, kulingana na orodha inapangwa kupanda au kushuka. Alama iwe ya vitu viwili, wakati na namba ya rekodi, na wakati huo usafiri kama maandishi kutoka hifadhidata moja kwa moja.

Ndani ya hifadhidata

Kwenye MySQL, `TIMESTAMP` hugeuzwa kuwa UTC wakati wa kuingia na kurudishwa kwenye saa za kikao wakati wa kutoka. `DATETIME` hukaa kama ilivyoandikwa, haijui ukanda wowote. Ukizichanganya ndani ya jedwali moja, kisha mtu akabadilisha `time_zone` ya seva, safu moja itasogea saa tatu na nyingine itabaki palepale. `CONVERT_TZ` yenye majina ya miji hurudisha `NULL` kimyakimya kama majedwali ya kanda hayajapakiwa. Hupakiwa kwa `mysql_tzinfo_to_sql /usr/share/zoneinfo | mysql -u root mysql`. Seva mpya ikianza kutoa ripoti tupu wakati ya zamani ilifanya kazi, anzia hapo.

Kwenye PostgreSQL tumia `timestamptz`. Jina lake linapotosha: haihifadhi ukanda, inahifadhi nukta ya wakati tu. Tarehe ya Nairobi hupatikana kwa `(created_at AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi')::date`. Lakini safu ikiwa ni `timestamp` isiyo na `tz`, amri hiyohiyo hufanya kazi kinyume: huichukulia saa iliyoandikwa kuwa ni ya Nairobi. Angalia aina ya safu kwanza, kila mara.

Na usiandike ukanda kama `UTC+3` kwenye PostgreSQL. Kwa mtindo wa POSIX (kanuni za mifumo ya Unix) alama hugeuzwa, na hiyo humaanisha saa 3 magharibi ya Greenwich. Vivyo hivyo `Etc/GMT-3` ndiyo iliyo saa 3 mbele, na `Etc/GMT+3` iko nyuma. Kosa hili kwetu ni baya zaidi kuliko kwingine, kwa sababu linapotosha kwa saa 6 kamili. Msomaji wa Kiswahili akiona saa 6 za tofauti anadhani mtu ameandika saa ya Kiswahili mahali pa saa ya Kizungu, na anaanza kurekebisha mahali pasipohusika.

Kuhusu ripoti za mwezi, acha `BETWEEN '2024-06-01' AND '2024-06-30'`. Kwenye safu yenye saa, ukomo wa pili unasomwa kama Juni 30, saa 00:00, na mauzo yote ya siku ya mwisho ya mwezi yanaachwa nje. Kuandika `23:59:59` kunapunguza tatizo, ila sekunde ya mwisho bado ina sehemu zake. Mpaka wa kuaminika ni huu:

`WHERE created_at >= '2024-06-01 00:00:00+03' AND created_at < '2024-07-01 00:00:00+03'`

Mwanzo umo, mwisho haumo. Faida nyingine ni kwamba safu haijafungwa ndani ya amri yoyote, kwa hiyo faharasa yake inatumika. Kwenye jedwali lenye mamilioni ya rekodi, kuandika `DATE(created_at) = ...` kunailazimisha hifadhidata kupitia rekodi moja moja.

Dakika 33

Wanaotumia Python yenye maktaba ya `pytz` wana kosa lao maalum. `datetime(2024, 6, 1, 9, 0, tzinfo=pytz.timezone('Africa/Nairobi'))` haitoi saa 3 mbele ya UTC, bali saa 2 na dakika 27. Hiyo ni saa ya jua la Nairobi kabla ya kuwekwa saa rasmi, ambayo ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya historia ya mji huo, na `pytz` ikiunganishwa kwa njia hii huishika hiyo ya kwanza. Miadi ya 09:00 inajitokeza 09:33. Ukikuta dakika 33 zimezidi mahali, usiendelee kuhisi, ndiyo hii. Tumia `.localize()`, au afadhali uhamie `zoneinfo`, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.9. Hapohapo uondoe `datetime.utcnow()`, inayotoa wakati wa UTC usiojua kwamba ni wa UTC. Tangu toleo la 3.12 imetangazwa kuwa isitumike. Andika `datetime.now(timezone.utc)`.

Mwezi si siku 30

Malipo ya kila mwezi yana jeuri yake. Mteja amejiunga Januari 31. PHP ikiongeza `+1 month` kwenye 2024-01-31 inatoa Machi 2, kwa sababu Februari 31 haipo na ziada inamwagika mbele. JavaScript nayo: `new Date(2024, 1, 31)` ni Machi 2, na hapo kumbuka kwamba miezi yake huanza kuhesabiwa sifuri, hivyo 1 ni Februari. Mteja ameruka mwezi mzima bila kulipa.

Baadhi ya maktaba hukata na kurudi siku ya mwisho ya mwezi, Februari 29. Hiyo ni afadhali, ila usikokotoe mwezi wa tatu kutoka Februari 29, la sivyo mteja atabaki kulipa tarehe 29 milele. Hifadhi siku ya asili, 31, na kila awamu ikokotolewe kutoka tarehe ya kuanza: mwanzo + miezi 1, mwanzo + miezi 2, mwanzo + miezi 3. Kwa mikopo hili lazima lilingane na maneno ya mkataba, kwa sababu siku moja ya tofauti hubadilisha riba na faini. Muulize mwenye biashara kabla ya kuchagua, na jibu lake liandikwe.

Mikopo mirefu ina ukuta mwingine. `TIMESTAMP` ya MySQL huishia Januari 19, 2038, saa 03:14:07 UTC, yaani kwetu saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 ulioanza 2020 tayari una awamu zilizo ng'ambo ya ukuta huo. Tarehe za awamu ziwekwe kwenye `DATE`.

Saa ya Kiswahili

Hapa maktaba za dunia hazitusaidii. `Intl` hutoa Jumapili na Januari kwa Kiswahili vizuri, lakini saa inabaki ya Kizungu. Kanuni ya kugeuza saa ya 24 kuwa ya Kiswahili ni `(h + 5) % 12 + 1`. Kumi na tatu inatoa 7, sifuri inatoa 6, sita inatoa 12. Kinachofuata ni neno la kipindi, na hilo haliepukiki, kwa sababu saa tatu iko asubuhi na iko usiku. Alfajiri kuanzia 04:00, asubuhi kuanzia 06:00, mchana kuanzia 12:00, jioni kuanzia 16:00, usiku kuanzia 19:00 ni mgawanyo unaoeleweka na wengi. Pwani watataka pia alasiri. Ukipenda kuandika kasorobo, kumbuka saa inayotajwa ni ile inayokuja: 08:45 ni saa tatu kasorobo, si saa mbili.

Kuna njia ya mkato inayovutia. Kwa kuwa saa zetu ni UTC+3 na saa ya Kiswahili iko nyuma yake kwa 6, ukiweka ukanda wa UTC-3 namba zinatoka sawasawa. Usifanye hivyo. Saa 22:00 UTC ya Juni 1 kwetu ni saa saba usiku wa Juni 2. Ukanda huo wa uongo utakupa 7 sahihi na tarehe ya Juni 1. Geuza namba wakati wa kuonyesha tu. Tarehe itoke kwenye ukanda wa kweli.

Kwenye tiketi za basi na miadi ya hospitali, onyesha zote mbili: "saa 12:00 asubuhi (06:00)". Tiketi iliyoandikwa 12:00 peke yake itamleta abiria mmoja alfajiri na mwingine saa sita mchana, na wote wawili watakuwa wameisoma vema.

Tahadhari hiyohiyo inahusu maagizo. Mteja akisema "SMS ziende saa tatu", anamaanisha 09:00. Fundi akiandika `0 3 * * *` kwenye cron (ratiba ya kazi za seva) ya seva ya UTC, zinakwenda 06:00, saa kumi na mbili asubuhi. Akiandika hivyo kwenye seva ya saa za Nairobi, zinakwenda saa tisa usiku na kuwaamsha watu. Kwenye UTC sahihi ni `0 6 * * *`. Rudia agizo kwa saa ya 24 na kipindi, na upate jibu la maandishi.

Siku nayo ina utata. "Usiku wa Ijumaa" kwa wengi wa pwani ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku huanza jua linapozama; kwa wengi wa bara ni usiku unaofuata. Tangazo la mfumo liseme "usiku wa kuamkia Ijumaa". Na namba za siku usizichukue kwa sikio: Jumapili, siku ya pili kwa jina, ni 0 kwenye `getDay()` na ni 7 kwenye ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe. Sikukuu za Idd zisiandikwe ndani ya msimbo hata kidogo, maana mwezi hutangazwa ukionekana. Ziwe kwenye jedwali ambalo mtu wa ofisi anaweza kulibadilisha usiku uleule.

Tarehe za Excel, saa za simu

03/04/2024 kwetu ni Aprili 3. Kwa Marekani ni Machi 4. `strtotime` ya PHP ikiona mkwaju husoma Kimarekani, ikiona kistari husoma siku kwanza. Faili la CSV likifunguliwa na Excel yenye mpangilio wa Kimarekani, tarehe zenye siku 1 hadi 12 hugeuzwa siku kuwa mwezi, na zile za 13 hadi 31 hubaki maandishi yaliyoegemea kushoto. Ukiona safu ya tarehe ambayo nusu imeegemea kulia na nusu kushoto, usiiingize kwenye mfumo. Rudi kwenye faili la asili.

Saa ya simu ya mtumiaji usiiamini kwa jambo lolote la fedha. Simu nyingi zimewekwa saa kwa mkono. Kwa programu zinazofanya kazi bila mtandao kisha zikatuma baadaye, tunza nyakati mbili: ile iliyosemwa na simu na ile ya seva kupokea. Seva zenyewe zilindwe kwa NTP, inayosawazisha saa za kompyuta kupitia mtandao. Tokeni za JWT (vibali vya kuingia kwenye mfumo) zikikataliwa kwa madai ya kwamba zimetolewa wakati ujao, seva mbili zimeachana kwa sekunde kadhaa. Linganisha saa zake na uruhusu nafasi ya hadi sekunde 60.

Kupima

Weka saa ya majaribio kwenye nyakati mahususi: 00:30 na 02:59 za Nairobi, Januari 31, Februari 29, Juni 30 saa 23:59, na Desemba 31. Endesha majaribio yote mara tatu kwa kubadilisha ukanda: `TZ=UTC`, `TZ=America/Los_Angeles`, na `TZ=Asia/Kolkata`, yenye nusu saa ndani yake. Fundi aliye Nairobi aendeshe programu kwenye laptopu yake kwa `TZ=UTC` kama kawaida ya kila siku, si siku ya majaribio tu, ili saa 3 za tofauti zimtokee yeye mezani kabla hazijamtokea mhasibu.